Sahani ya Doto

Habari za kifo cha Mama Kulwa zilinikuta jikoni kwangu, Geita, wakati wa kupakua chakula cha mchana, wakati ambao wafanyakazi wangu wanajua sitaki kusemeshwa. Aliyepiga simu alikuwa Kulwa mwenyewe. "Dada Zuhura, mayu ametutoka," akasema, kana kwamba anasubiri nimwambie si kweli. Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Nilikaa juu ya dumu la mafuta. Mpishi wangu alikuwa amesimama na upawa mkononi akiniuliza zipelekwe sahani ngapi kwa vijana wa gereji, nami sikuweza kumjibu, swali dogo kama lile, swali ninalojibu kila siku ya Mungu. Niliishi na Mama Kulwa mwaka mmoja tu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na kidogo. Baada ya hapo tulibaki watu wa kupigiana simu za sikukuu na za misiba. Lakini nikipekua kichwani kila ninachokijua kuhusu biashara, chanzo chake nakikuta ndani ya mwaka ule, pamoja na jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu kwa miaka yote hiyo nilidhani nalielewa.

Siku hizi naitwa kwenye semina za ujasiriamali. Wananikalisha meza ya mbele, wananiwekea maji ya chupa, halafu mabinti wenye kalamu mpya wananiuliza mtaji niliupata wapi. Nawaambia nusu ya ukweli. Niliuza cherehani yangu pale Shinyanga mjini, cherehani niliyokuwa nashonea magauni ya sare, nikanunua sufuria, mabati machache na unga. Nawaambia kuanzisha biashara si kazi, mwenye sufuria na kiherehere anaweza. Kazi ni wiki ya pili, kuni zimelowa, maji yamepanda bei, mteja wako mkubwa amehamia kwa jirani kwa sababu ya chachandu, na huna bosi wa kumnung'unikia maana bosi ni wewe. Wanacheka na kuandika. Wakiniuliza jina la hoteli yangu lilipatikanaje na kwa nini wachimbaji wanatoka mbali kuja kula kwangu, nakunywa maji na kusema ni huduma nzuri.

Kambi yetu ya wachimbaji tuliiita Kisiki. Ilikuwa porini, mwendo wa nusu siku kwa lori kutoka Geita mjini, na kabla dhahabu haijaonekana pale palikuwa na shamba la mihogo la mzee mmoja wa Kizinza. Nilipofika palishakuwa na vibanda vya turubai, mashine za karasha zinazosaga mawe mchana kutwa, vumbi la rangi ya majivu juu ya kila kitu, na mashimo. Mashimo yale ndiyo maduara. Kila duara lilikuwa na mwenyewe, vijana wake wa kushuka, kamba yake, na jiko lake. Hapo ndipo palipokuwa na biashara. Mwenye duara alichagua mama ntilie mmoja wa kulisha vijana wake, na mama huyo alipika kwa mtaji wake mwenyewe mpaka siku vijana watakapofikia mwamba wenye mali. Siku hiyo mawe yaligawanywa kwenye viroba, na mpishi alipata viroba vyake kama wengine. Duara lisipotoa kitu, alikuwa amepika bure. Kwa hiyo kila asubuhi nilipokoroga uji nilikuwa nakoroga cherehani yangu, na sikuwa na nyingine ya kuuza.

Mama Kulwa nilimkuta hapo hapo. Mtu wa Kishapu, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mikono ambayo ilishika sufuria ya moto bila kitambaa. Mimi nilikuwa na vyombo na sikuwa na anayenijua. Yeye alijulikana na kila mtu na hakuwa na hata mwiko. Tukaungana. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia ushungi hadi ndala, akasema, "Mswahili, hapa utaweza? Hapa hakuna maandazi ya iliki." Nikamwambia nimekuja kufanya biashara, sikuja kula maandazi. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile aliniita Mswahili akiwa na furaha na Zuhura akiwa amekasirika. Alinipatia mteja wetu, Bosi Maganga, mtu mnene mwenye pikipiki nyekundu, mwenye duara lililokuwa refu kuliko yote Kisiki, na ndani ya duara lile alikuwamo mtoto wa kiume wa Mama Kulwa, Kulwa mwenyewe, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinamtafakari.

Kisiki palikuwa na namna yake, na mgeni alijifunza kwa kufokewa. Hakuna aliyehesabu watu walioshuka. Ukiuliza, "Chini wapo wangapi?" walikutazama kama umetukana msibani. Na jina la mtu aliye chini halikutajwa mpaka apande. Tulichohesabu ni sahani. Tuliziita sahani, ingawa zilikuwa bakuli za bati zenye mifuniko. Mvuta kamba wetu, Jumanne, mtu wa Kigoma, alikuja adhuhuri akauliza, "Sahani ziko tayari?" nasi tukampangia ndani ya ndoo kubwa, akaiteremsha kwa kamba. Baada ya muda ndoo ilipanda na bakuli tupu. Na kulikuwa na gogo. Gogo la mninga, limelazwa kati ya vibanda na maduara, limelainika kwa kukaliwa. Mwanamke aliishia hapo. Mwanamke akilivuka, duara lote la karibu limechafuka. Kila aliye chini anapandishwa saa hiyo hiyo, na hakuna anayeshuka tena mpaka mganga aje alisafishe, kwa gharama ya mwenye duara. Nilipoambiwa nilimwuliza Mama Kulwa kama na yeye anaamini. Akasema, "Mimi naamini nikilivuka leo, kesho sina jiko." Nikaona huyu ni mfanyabiashara mwenzangu.

Wiki ya kwanza nikagundua sahani zinazidi. Vijana wetu wa chini walikuwa saba, hilo nilikuwa nimelihesabu kimoyomoyo asubuhi wakinywa uji, lakini kwenye ndoo Mama Kulwa alipanga bakuli nane. Ya nane haikuwa ya kwangu. Ilikuwa na ua jekundu ubavuni, rangi imebanduka, mfuniko wake umebonyea. Nilimwuliza ni ya nani. Aliendelea kupakua. "Ya Doto," akasema. Doto ndiye nani? "Pacha wa Kulwa. Mdogo wake. Alifariki wakiwa na umri wa kuanza shule." Alisema hivyo kwa sauti ya kuniambia chumvi iko wapi. Mama wa mapacha, akanieleza, hapakui sahani moja. Ukimpa huyu umpe na yule, aliye hai na asiye hai, ukimnyima mmoja unamwita mwenzake. Nyumbani Kishapu alifanya hivyo, na hapa angefanya hivyo. "Na anayekula ni nani?" nikamwuliza. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwenye kupoteza njia. "Zuhura, wewe umeona ikirudi na chakula?" Kweli, haikuwahi kurudi na chakula. Ilipanda imefutwa safi, na mfuniko wake umegeuzwa, ndani umekuwa nje. Bakuli nyingine zilirudi ovyo, huyu kabakisha miiba ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, yule kabakisha ukoko wa ugali. Ile ya ua jekundu, kila siku, mfuniko umegeuzwa.

Sikuogopa. Nataka hilo lijulikane. Nilipiga hesabu ya haraka nikaona kijana wa miaka kumi na nane, anayegonga mwamba tangu alfajiri, anakula sahani mbili, na mama yake ana maneno mazuri ya kumtetea. Nikacheka peke yangu. Lakini miezi ilipozidi kwenda bila mwamba wenye mali, sikucheka tena. Mvua ilikata barabara, unga ukapanda, na mzee mwenye shamba akaanza kutaka kodi ya mahali tulipochomeka nguzo zetu. Tulitoka kwenye wali tukaja kwenye ugali, tukatoka kwenye sangara tukaja kwenye dagaa, na mwisho tulikuwa tunawapa mlenda na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo Mama Kulwa aliyaleta kwa gunia kutoka kwao. Mchana mmoja nilimwambia wazi, "Kuanzia Jumatatu napunguza ile sahani. Kulwa ale moja kama wenzake." Tulikuwa tunapembua dagaa. Hakubisha. Aliendelea kutoa vijiti na mchanga, kisha akasema, "Sema polepole. Anasikia." Nikadhani anamsema Kulwa, kwamba vijana wako karibu, maana kuta zetu zilikuwa turubai. Nikashusha sauti.

Ijumaa yake Mama Kulwa alienda gulioni kutafuta chumvi na vitunguu, nikabaki peke yangu. Adhuhuri Jumanne alikuja, nikampangia bakuli nane kwa mazoea, akaenda. Nakumbuka mashine za karasha zilizima zote kwa mpigo, sijui dizeli ilikwisha, sijui walikuwa wanakula. Kisiki haikuwa na kimya. Ulilala kwenye kelele ukaamka kwenye kelele, hata ukasahau kuwa ipo. Kimya kile kilipokuja nilisikia maji yakichemka kwenye sufuria, nikasikia nzi, na nikasikia mtu akikohoa chumbani kwetu. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jiko, vitanda viwili vya fito, magunia ya unga katikati, na mwanga ulipita kwenye turubai ukawa wa buluu. Niliinua pazia. Kulwa alikuwa amelala kwenye kitanda cha mama yake, amegeukia ukutani, amejifunika kanga yake hadi shingoni.

"Kulwa? Unaumwa?"

"Baridi," akasema.

Nilimwekea kiganja kwenye paji la uso nikitegemea moto wa malaria. Lilikuwa baridi, baridi ya mtungi ulioshinda kivulini. Nikajiambia homa ina vipindi vyake, sasa yuko kwenye kile cha kutetemeka, ingawa hakuwa anatetemeka. Kisha nikaiona miguu yake imechomoza nje ya kanga. Ilikuwa safi. Unahitaji kuishi Kisiki kuelewa. Vumbi lile liliingia kwenye kope, kwenye mistari ya viganja, chini ya kucha, hata ukioga halitoki. Miguu ya kijana yule ilikuwa kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa na kupakwa mafuta. Na mimi, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililowaza ni maji. Maji tulinunua kwa dumu. "Umeoga maji yangu ya kupikia?" nikamwuliza.

"Sijaoga."

Nilimletea uji wa mtama kwenye bakuli lenye mfuniko, nikamwekea kwenye gunia karibu na kichwa. Nilipogeuka kutoka, akasema, bado amegeukia ukutani, "Dada, umesema utapunguza."

Nikaona aibu kidogo. Nikajua basi alitusikia siku ile ya dagaa. "Biashara ngumu, Kulwa. Siwezi kulisha watu wawili kwa mtu mmoja."

"Usipunguze ya kwangu."

"Ya kwako nani kaigusa? Nasema ile ya mdogo wako."

Alicheka, kicheko kifupi, cha puani, na sijui kwa nini vinyweleo vilinisimama mikononi kwenye joto lile. Nilirudi jikoni nikakaa karibu na moto. Mashine zikawaka tena. Jumanne akaleta ndoo na bakuli nane, zote zimeliwa, ile ya ua jekundu mfuniko umegeuzwa kama kawaida. Nikasema moyoni, wenzake wamefaidi sehemu ya mgonjwa. Nilipokwenda kumwangalia, kitanda kilikuwa kitupu, kanga imekunjwa mraba, na bakuli la uji limekwisha, mfuniko umegeuzwa ndani nje.

Mama Kulwa aliporudi nilimweleza. Alikuwa bado na mzigo kichwani, na nilipofika kwenye neno "anaumwa" alishuka taratibu mpaka akakaa kwenye gogo la kuni, mzigo ungali kichwani. "Alilala kitanda gani?" akaniuliza. Chako, nikamwambia. "Alikula?" Uji, akaumaliza. "Wabeja," akasema kwa sauti ya chini. Asante, na sikujua anamshukuru nani. Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Usimwulize Kulwa habari za ugonjwa. Bosi akisikia kijana anaumwa atamtoa kazini." Hilo lilikuwa na maana, na nilikubali. Nilipotaka kuliosha lile bakuli la uji alinizuia, akalifunga kwenye kanga na kuliweka chini ya mto. Jumatatu nilipakua sahani nane mwenyewe. Nilijiambia ni kwa kumheshimu mama mtu mzima.

Msimu wa kuvuna pamba ulipofika, Mama Kulwa alitakiwa kwenda Kishapu siku chache. Wakati huo duara letu lilikuwa limebadilika. Vijana walipanda jioni wanaimba, Jumanne alituonyesha jiwe lenye mishipa ya kutu, na Bosi Maganga alikuja mara mbili kwa siku na pikipiki yake, akaniita mama mkwe kwa utani. Walikuwa wameufikia mwamba. Siku mbili tatu tu, viroba vingegawanywa, na mimi ningenunua cherehani, ningenunua hata nyumba ya kuiweka. Mama Kulwa aliondoka alfajiri. Alikuwa ameacha michembe imechemka kwenye sufuria kwa ajili ya mtoto wake, viazi vile vikavu anavyovipenda. Mguu mmoja ukiwa tayari kwenye lori aliniita. "Zuhura. Ile sahani ikirudi na chakula, usitafute mtu wa kumwuliza. Vuka gogo." Nikacheka. Yeye hakucheka. "Ahidi," akasema. Nikaahidi, jinsi mtu anavyoahidi ili lori liondoke.

Ilirudi na chakula adhuhuri ile ile. Niliinua bakuli moja moja kutoka kwenye ndoo, tupu, tupu, ukoko, tupu, na ya chini kabisa ilikuwa nzito. Niliijua kabla sijaiona. Mfuniko ulikuwa umekaa kama nilivyouweka. Ndani, ugali ulikuwa mzima, alama ya mwiko wangu ipo juu yake, na mlenda umeshika utando. Nilibaki nimeishika. Jumanne alikuwa anarudi kwenye kamba yake, anapiga mluzi. Mashine zilikuwa zinanguruma, jua linawaka, mama mmoja kibanda cha pili anamfokea mteja, mchana wa kawaida kabisa. Nilitaka kuimwaga kwa mbwa na kusahau. Nilikwenda mpaka kwenye gogo na ile bakuli mkononi, nikasimama. Kutoka pale hadi mdomo wa duara ni umbali wa kurusha kandambili. Nilihesabu nitakachopoteza, na hesabu hiyo sikuhitaji kalamu. Mabati, sufuria, mwaka mzima, viroba vya kesho. Bosi asingenielewa, kwa nini anielewe? Ningesema nini, kwamba marehemu amekosa hamu ya kula? Na kwa upande mwingine palikuwa na sauti ile ya chumbani, usipunguze ya kwangu, na ubaridi wa lile paji la uso ambao kiganja changu kilikuwa hakijausahau. Niliogopa. Sasa naweza kusema niliogopa sana, na sikuogopa duara. Niliogopa kurudi jikoni na bakuli ile na kukuta mtu amekaa ananingoja.

Nikavuka.

Jumanne ndiye aliyeniona kwanza. Alikatiza mluzi katikati. "Dada! Dada, rudi! Unafanya nini?" Nilitembea hadi kwenye mdomo wa duara, nikasimama juu ya matimba, yale magogo yanayoshikilia kingo, nikatazama chini. Sikuona kitu, giza tu, na hewa ya uvuguvugu inayopanda kutoka humo ilinuka udongo na ugali wangu. Makelele yakaenea. Mwanamke amevuka, mwanamke yuko juu ya duara. Wakaanza kuwapandisha. Walipanda mmoja baada ya mwingine, wa rangi ya majivu, macho mekundu, wananitukana matusi ambayo sitayaandika. Kulwa alipanda mwisho. "Mbona hukula?" nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa ya kulia. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyechoma nyumba, akapita. Bosi Maganga alifika na pikipiki. Hakunipiga. Aliagiza tu kibanda kivunjwe, na vijana wale wale niliowalisha mwaka mzima wakang'oa nguzo. Mabati yalibaki kulipia mganga. Jioni nilikuwa juu ya lori na sufuria zangu, nikienda Geita kwa kuwa ndiko lori lilikokwenda.

Mganga alichelewa. Alitaka mbuzi mweusi asiye na doa, na mbuzi wa aina hiyo hawakuwepo karibu. Kabla hajapatikana, asubuhi moja, duara la Bosi Maganga lilititia. Ardhi ilizama pamoja na matimba, kamba na kile kigoda alichokalia Jumanne, na hapakuwa na mtu ndani. Habari zilinifikia Geita wakati nachoma mihogo kando ya stendi kwa mkaa wa kukopa. Kisha wachimbaji wakaanza kuja. Wa Kisiki kwanza, halafu wengine, mpaka wa Bulyanhulu. Walikaa kwenye benchi langu bila kuuliza bei, wakala, wakasema kwa wenzao, huyu ndiye mama aliyevuka gogo. Hivyo ndivyo biashara yangu ilivyokua, na ndilo jina lililoandikwa juu ya mlango wa hoteli yangu, Gogo. Mabinti wa semina wanadhani ni ubunifu.

Msibani Kishapu nilifika mchana. Baada ya mazishi, akina mama walipoanza kupakua, Kulwa alinikaribisha kwenye jamvi kando ya ghala la pamba, mimi na yeye tu. Ana mvi sasa na kitambi cha amani. Akasema kuna jambo amelibeba muda mrefu, mama yake alimkataza kuniambia akiwa hai. "Dada, ile sahani ya Doto nilikuwa naila mimi."

"Hilo nalijua tangu wiki ya kwanza," nikamwambia.

Akacheka kwa aibu. "Kila siku. Nakula yangu, nakula yake, nageuza mfuniko. Ndivyo mayu alivyonifundisha. Na siku ile nilikuwa nimeshiba michembe. Nilificha mfukoni nikashuka nayo, nikala asubuhi nzima. Sahani yangu nilijilazimisha, ya Doto ikanishinda. Basi. Hakukuwa na kingine. Ukapoteza jiko lako kwa ajili ya michembe."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na watu wa jamvi la pili wakageuka. Nilijisikia mwepesi. Miaka yote ile, kumbe ni tumbo la kijana lililojaa viazi, na tumbo hilo hilo likaokoa watu saba. Ni Mungu tu, nikasema, na Kulwa akaitikia ni Mungu tu. Nikajifuta macho kwa mtandio. "Ila wenzako nao walikuwa walafi," nikamwambia. "Siku ile ulipoumwa ukalala chumbani kwetu, walikula sehemu zenu zote mbili bila kubakisha."

"Siku ipi?"

"Ulipoumwa malaria. Mama yako alikuwa ameenda gulioni. Nikakupa uji."

Kulwa aliacha kutabasamu polepole. "Dada, mimi Kisiki sikuumwa hata siku moja. Na chumba chenu sikuwahi kuingia. Mayu alinikataza, alisema ni chumba cha wanawake." Akanitazama vizuri. "Ulimpa uji nani?"

Niliiona tena ile miguu safi kwenye mwanga wa buluu. Upepo ulipita kwenye mabua ya pamba yaliyokauka, na kule jikoni akina mama walikuwa wanagonganisha masufuria. Binti wa Kulwa alikuja kwetu na sinia kiunoni, akapiga goti. "Shikamoo shangazi. Baba, huku nilete sahani ngapi?"

Kulwa alikuwa ananitazama mimi.

"Tatu," nikasema.